Kiwambo cha Spika: Namna Umbo Lake Linavyoathiri Sauti Tunayoisikia

Utangulizi

Wakati mmoja sisi wanafunzi wawili tulikabidhiwa kazi ya kunukuu orodha ya maneno yaliyorekodiwa Mombasa, yakitamkwa moja moja na mzee msemaji wa Kimvita. Tuliamua kwamba kila mmoja anukuu orodha nzima peke yake, kisha tulinganishe. Katika maneno mengi tuliafikiana. Tulipofikia neno moja, tukakwama. Mwenzangu alikuwa ameandika kaa, kwa maana ya kaa la moto. Mimi nilikuwa nimeandika k'aa, kwa mpumuo, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Aliyerekodi hakuwa ameandika maana za maneno, hivyo basi hapakuwa na muktadha wa kutuamulia.

Tulibishana kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Kila mmoja aliurejelea ufasaha wa masikio yake, na mmoja wetu (simtaji, lakini si mwenzangu) akafikia hatua ya kutaja mahali alikozaliwa kama ushahidi. Hatimaye, kwa kuchoka tu, tukabadilishana hedifoni. Papo hapo yeye akasikia nilichokuwa nikikisikia mimi, nami nikasikia alichokuwa akikisikia yeye. Kumbe ubishi wetu haukuwa wa kiisimu hata kidogo. Ulikuwa ubishi baina ya vipande viwili vyembamba vya plastiki, kila kimoja kikiwa na maoni yake kuhusu mzee yule alivyotamka.

Makala haya yananuia kueleza kazi ya kipande hicho, yaani kiwambo, na namna umbo lake, ukubwa wake na malighafi yake vinavyoathiri sauti inayotoka katika spika na hedifoni. Hatukusudii kumfanya msomaji kuwa fundi wa redio. Ila ni bayana kwamba sisi tunaojishughulisha na lugha hukutana na sehemu kubwa ya data yetu kupitia ala hizi: masimulizi ya nyanjani, mahojiano, matangazo ya redio, mihadhara katika kumbi kubwa. Anayenukuu bila kuijua ala yake hana tofauti na mshonaji anayepima kitambaa kwa utepe uliorefuka kwa kuvutwa. Vipimo vyake vyote vitaafikiana, na nguo isimtoshe mtu.

Kiwambo ni nini?

Kiswahili kimetutangulia katika jambo hili. Kitenzi wamba humaanisha kutandaza na kukaza kitu juu ya uwazi. Huwambwa ngoma kwa ngozi, na kitanda huwambwa kwa kamba. Kilichowambwa ndicho kiwambo. Sikio nalo lina kiwambo chake, utando mwembamba unaotetema unapopigwa na mawimbi ya hewa. Kwa hiyo neno moja linatosha kwa ngoma, kwa sikio na kwa spika, na ukoo huo wa maneno unaafikiana na ukweli wa mambo. Katika mwaka wa 1874, Alexander Graham Bell, akisaidiwa na daktari wa masikio Clarence Blake wa Boston, alichukua sikio la maiti, akaliunganisha na ubua mwembamba, akanena mbele yake. Kiwambo cha sikio kilitetema, ubua ukachora umbo la sauti juu ya kioo kilichopakwa masizi. Bell alistaajabia namna utando mdogo kiasi hicho ulivyoweza kuitikisa mifupa iliyouzidi uzito kwa mbali. Miaka miwili baadaye alipata hataza ya simu.

Ni katika jina la chombo chenyewe ambapo lugha yetu inateleza kidogo. Neno kipaza sauti hutumiwa na wengi kwa maikrofoni, ambayo hupokea sauti, na wengine hulitumia kwa spika, ambayo huitoa. Vyombo hivyo hufanya kazi zinazokinzana. Katika makala haya nitatumia spika kwa kinachotoa sauti, na hedifoni kwa spika ndogo zinazovaliwa masikioni, nikiwaachia wanaistilahi mjadala huo.

Spika ya kawaida ina sumaku, koili ya waya mwembamba, na kiwambo kilichogandishwa kwenye koili hiyo. Umeme uliobeba umbo la sauti unapopita katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma ndani ya uga wa sumaku, nayo hukibeba kiwambo. Kiwambo husukuma hewa, hewa huenda kukipiga kiwambo cha sikio, nasi husema tumesikia. Mpango huu ulielezwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1925, na koni yao ilikuwa ya karatasi. Hadi leo spika nyingi ulimwenguni, kuanzia ile ya redio ya mkulima hadi ile ya jumba la sinema, hufuata mpango huo huo.

Sasa tuitazame ngoma, maana hapo ndipo kiini cha mada kilipo. Kiwambo cha ngoma hutakiwa kiwe na sauti yake. Mpigangoma huikaribisha ngoma kwenye moto ili ngozi ikauke na kukaza kwa kuwa anautafuta mlio fulani, na akishaupata, kila kofi atakalolipiga litauzaa mlio huo. Kiwambo cha spika hutakiwa kiwe kinyume kabisa. Kikiwa na mlio wake, basi kila kipitacho humo kitapakwa mlio huo: taarabu, hotuba ya mbunge, kilio cha mtoto. Kinatakiwa kiwe kama mkalimani anayefikisha maneno ya watu bila kutia ya kwake. Tatizo ni kwamba hakuna kitu kinachoweza kutetema ambacho hakina mlio wake wa asili. Gonga sufuria, gonga meza, gonga kikombe, kila kimoja kitajitaja. Mbunifu wa spika, kwa hivyo, hawezi kuufuta mlio wa kiwambo. Anachoweza ni kuchagua utokee wapi, uwe mkali kiasi gani, na udumu muda gani.

Umbo: somo la karatasi ya njugu

Chukua ukurasa mmoja wa gazeti, uushike pembeni kwa vidole viwili. Utajikunja na kuinama. Sasa uviringe jinsi wauzaji wa njugu wafanyavyo, uwe koni. Karatasi ile ile, isiyoongezwa hata chembe ya uzito, sasa inasimama, inabeba njugu, na ukiisukuma kwa ncha inakwenda yote kwa pamoja. Hiyo ndiyo sababu ya spika kuwa na koni. Kiwambo kinahitaji kuwa chepesi ili kiitikie mabadiliko ya haraka ya umeme, na wakati huo huo kiwe kigumu ili ukingo wake usichelewe nyuma ya kitovu chake. Umbo la koni hutoa ugumu bila kudai uzito.

Hata hivyo ugumu huo una mpaka. Katika masafa ya chini, kwa mfano mitetemo 100 kwa sekunde, ambayo huandikwa hezi 100, koni nzima husogea kama kitu kimoja. Masafa yanapopanda, msukumo unaoanzia kwenye koili hauwahi kufika ukingoni kabla koili haijageuza mwendo. Hapo koni huanza kujigawa. Sehemu moja huenda mbele ilhali nyingine ingali ikirudi nyuma. Katika baadhi ya masafa sehemu hizo husaidiana, na sauti hutoka kubwa kupita kiasi. Katika masafa mengine hupingana, na sauti hufifia. Mkalimani sasa ameanza kutia maneno yake. Koni yenye kina kirefu huchelewa kujigawa, lakini kina hicho nacho hufanya kama mdomo wa chungu, hewa iliyomo ndani ikavuma kwa namna yake. Koni isiyo na kina haina mvumo huo ila hupindika mapema. Baadhi ya watengenezaji huipa koni ubavu uliopinda kidogo, kama wa tarumbeta, ili mgawanyiko huo usitokee ghafla katika masafa mamoja.

Ukingo wa koni hushikiliwa na pete ya mpira, kitambaa au sponji. Wengi hudhani kazi ya pete hiyo ni kuizuia koni isidondoke. Kazi yake iliyo muhimu zaidi ni kuyameza mawimbi. Piga ukingo wa karai lililojaa maji na utazame. Viwimbi hukimbia hadi upande wa pili, vikajigonga, vikarudi. Msukumo unaotoka kwenye koili nao hukimbia katika karatasi hadi ukingoni, na usipomezwa na pete hurudi kukutana na msukumo mpya. Matokeo yake ni sauti isiyonyamaza pale inapopaswa kunyamaza.

Jambo hili la kutonyamaza lilionyeshwa kwa vipimo na mhandisi D. E. L. Shorter wa shirika la BBC mnamo 1946. Aliipa spika sauti, akaikata ghafla, kisha akapima kilichosalia baada ya vipande vidogo vidogo vya sekunde. Aligundua kwamba spika zinaweza kuendelea kulia katika masafa fulani hata baada ya umeme kwisha. Kwangu mimi, huo ndio ugunduzi wenye manufaa makubwa zaidi kwa mwanaisimu katika historia nzima ya chombo hiki, japo Shorter hakuwa akifikiria lahaja za Kiswahili. Mpumuo katika Kimvita ni pumzi fupi inayofuata mpasuko wa konsonanti na kuitangulia irabu. Huchukua sehemu ya sekunde isiyofika moja ya kumi. Spika ambayo haijamaliza kuulilia mpasuko huijaza nafasi hiyo kwa mlio wake, na tofauti ya paa la nyumba na p'aa wa mwituni huzikwa humo.

Ukubwa, na wale wanaokaa pembeni

Ili kutoa sauti ya chini, hewa nyingi lazima isukumwe. Masafa yakipunguzwa kwa nusu, kiwambo hakina budi kusafiri mara 4 zaidi ili ukali wa sauti ubaki ule ule. Spika ya simu ya mkononi haina uwanja wa kusafiri hivyo, ndiyo sababu besi ya muziki hupotea humo. Sauti ya mwanamume mzima huwa na mtetemo wa msingi wa karibu hezi 100 hadi 150, na aghalabu hata huo haumo katika kinachotoka kwenye simu. Ajabu ni kwamba hatulalamiki. Ubongo huyasikiliza masafa ya juu yaliyozaliwa na mtetemo huo, ukaukisia msingi usiokuwapo. Kwa hivyo kiimbo cha msemaji hakipotei, na mtu humtambua babake kwenye simu kwa sauti ambayo simu haikuitoa.

Basi ni kwa nini tusitengeneze viwambo vikubwa tu? Kwa sababu kiwambo kikubwa hutenda haki kwa walio mbele yake pekee. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi la hezi 100 basi lina urefu wa zaidi ya mita 3, na lile la hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3 na kidogo. Wimbi likiwa refu kuliko mzingo wa kiwambo, husambaa pande zote. Likiwa fupi kuliko mzingo huo, huanza kwenda mbele tu kama mwanga wa tochi. Kwa koni ya kawaida ya sentimita 20, ubaguzi huo huanza mahali fulani kati ya hezi 600 na 700, na huwa mkali unapopita hezi 2,000.

Tuyatafsiri hayo kwa lugha ya ukumbi wa mihadhara. Mhadhiri anasema mbele ya spika zenye koni kubwa pekee, zisizo na twita. Irabu zake, ambazo nguvu yake nyingi imo katika masafa ya chini na ya kati, zinamfikia kila mtu. Konsonanti zake zenye mkwaruzo, kama vile /s/, /f/ na /th/, ambazo hutegemea masafa ya juu, zinawafikia walioketi katika mstari wa mbele ya spika. Walio pembeni wanasikia sauti kubwa isiyo na maneno. Mtu anayesimamia mitambo huona wanainamisha vichwa, akaongeza sauti. Sasa wanasikia irabu kubwa zaidi. Nimeketi pembeni hivyo kwa muhula mzima, na daftari langu la somo lile lina mianya ambayo si uvivu ulioitia.

Malighafi

Kila malighafi ya kiwambo hupimwa kwa mambo matatu: wepesi, ugumu, na uwezo wa kuufisha mlio wake yenyewe. Ukitaka kulielewa hilo la tatu, gonga sufuria ya alumini kisha ugonge chano cha mti. Sufuria hulia na kuendelea kulia. Chano hutoa kishindo kikanyamaza. Mambo haya matatu hayapatani, na historia ya viwambo ni historia ya kutafuta suluhu kati yao.

Karatasi ni nyepesi, ina ugumu wa kutosha, na nyuzi zake zilizosokotana huufisha mlio vizuri. Pia ni rahisi. Wapo wanaoidharau kwa kuwa ni karatasi, lakini mimi nimekwisha kuona spika nyingi za bei kubwa zikiitumia kuamini kwamba dharau hiyo haina msingi. Udhaifu wake ni unyevu. Katika hewa ya pwani hunywa maji, ikawa nzito na laini. Hilo si geni kwa yeyote aliyewahi kuona ngoma ikipwaya siku ya mvua. Pete za sponji nazo huoza na kumomonyoka baada ya miaka kadhaa, na watu wakaitupa spika nzima ilhali fundi angeibadilisha pete pekee.

Kwa sababu karatasi haitoki kiwandani ikiwa na sifa zile zile kila mara, wahandisi wa BBC waligeukia plastiki katika miaka ya 1960. Walihitaji spika zinazofanana kabisa, ili mtangazaji wa studio moja na fundi wa studio nyingine wasikie kitu kimoja. Waliyemtumia kama kipimo alikuwa binadamu mwenyewe. Walisikiliza mtu akinena, kisha wakasikiliza spika ikimnena, wakilinganisha. Kwanza walitumia plastiki iitwayo Bextrene, ambayo ilihitaji kupakwa dawa ya kuufisha mlio wake. Spika ndogo ya LS3/5A, iliyobuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ilikuwa na koni ya aina hiyo, na ikapata sifa hasa kwa namna ilivyoitoa sauti ya mtu. Baadaye Dudley Harwood, aliyekuwa mtafiti katika shirika hilo, aligeukia polipropilini, plastiki ambayo hujifisha yenyewe bila kupakwa kitu, na mwaka 1977 akaanzisha kampuni ya Harbeth. Shirika hilo tayari lilikuwa likitangaza kwa Kiswahili tangu 1957, hivyo si ajabu kwamba Kiswahili nacho kilisikilizwa katika spika zilizozaliwa na utafiti wa namna hiyo.

Kuna pia nyuzi zilizofumwa, kama vile Kevlar, ambayo kampuni ya Bowers & Wilkins ya Uingereza iliitumia tangu miaka ya 1970, kisha ikaibadilisha katika spika zake za daraja la juu mnamo 2015. Kufuma kuna faida ya kuyavunja mawimbi yanayokimbilia ukingoni, kwa kuwa hayakuti njia moja iliyonyooka.

Twita, ile spika ndogo ya masafa ya juu, hutumia kuba badala ya koni, aghalabu yenye kipenyo cha milimita 25. Katika ubunifu wake kuna madhehebu mawili. La kwanza husema: kwa kuwa kosa haliepukiki, lifishe. Hao hutumia hariri au kitambaa laini kilichopakwa dawa, ambacho hujigawa mapema lakini kwa upole, pasipo mlio mkali. La pili husema: lifukuze kosa hadi nje ya masikio. Hao hutumia metali ngumu, ili mlio wa asili utokee juu ya hezi 20,000, ambako masikio ya binadamu hayafiki. Kinachoamua ni kasi ya sauti ndani ya metali yenyewe. Katika alumini ni karibu mita 5,000 kwa sekunde. Kinaya ni kwamba katika titani, ambayo matangazo ya biashara huisifu sana, kasi hiyo ni karibu ile ile, kwa kuwa uzito wake umekula ugumu wake. Berili ndiyo inayozipita kwa mbali, zaidi ya mita 12,000 kwa sekunde, na Yamaha waliitumia katika spika ya NS-1000 katika miaka ya 1970. Lakini berili ni ghali, na vumbi lake ni sumu.

Mimi si wa dhehebu lolote. Ila nikilazimika kusikiliza sauti ya mtu kwa saa 6 mfululizo nikinukuu, nitachagua hariri. Twita mbovu ya metali huitia /s/ ncha kama ya sindano, na baada ya saa 2 mnukuzi huanza kupunguza sauti, na akiipunguza huanza kukosa maneno.

Hedifoni

Katika hedifoni mambo hubadilika kwa sababu kiwambo hakisukumi hewa ya chumba kizima. Kinasukuma hewa kidogo iliyofungiwa kati yake na kiwambo cha sikio. Ndiyo maana kiwambo cha milimita 40, au hata cha milimita 10 katika iafoni, huweza kutoa besi ambayo spika ya ukubwa huo haingeithubutu. Sharti lake ni kwamba hewa isivuje. Mto wa hedifoni ukichakaa, au iafoni isipoketi vyema tunduni, besi hukimbia. Watu wengi hukilaumu kiwambo kwa kosa la mto.

Kiwambo chenyewe aghalabu ni utando wa poliesta, mwembamba kuliko unywele, uliobanwa kiwandani ukapewa kuba katikati na mikunjo kuzunguka ukingo. Mikunjo hiyo ndiyo pete yake. Tofauti na spika kubwa, hakuna mhimili wa pili nyuma wa kuishikilia koili isiyumbe, hivyo mikunjo hubeba kazi zote mbili. Ikiwa haikubanwa sawasawa, kiwambo huyumba kama sinia linalobebwa kwa mkono mmoja, na sauti hukwaruza. Watengenezaji hodari hubandika tabaka mbili ngumu zenye tabaka laini kati yake, la kufisha mlio. Sony, katika hedifoni yao ya MDR-R10 ya mwaka 1989, walitumia nyuzi za selulosi zilizotengenezwa na bakteria, ambazo ni nyembamba kuliko za mti na hushikamana zaidi. Ni karatasi tena, ila iliyofumwa na vijidudu.

Ipo pia njia ya kuiacha koili kabisa. Katika spika ya umemetuli, utando mwembamba mno huning'inizwa kati ya bamba mbili zenye matundu, ukavutwa na umeme uso wake wote kwa pamoja. Maadamu hakuna kitovu kinachosukumwa na ukingo unaochelewa, mgawanyiko tuliouona katika koni hupungua mno. Peter Walker wa Uingereza aliuza spika ya aina hiyo mwaka 1957, iliyoitwa Quad ESL, na miaka michache baadaye Stax ya Japani ikatoa hedifoni ya namna hiyo. Bei yake imeiweka mbali na maabara zetu.

Jambo moja zaidi humsumbua mbunifu wa hedifoni. Tundu la sikio lina urefu wa karibu sentimita 2.5, na kwa urefu huo hukuza masafa ya karibu hezi 3,000. Tumezoea ukuzaji huo tangu kuzaliwa. Hedifoni huubadilisha, kwa hivyo kiwambo na chumba chake hulazimika kuurudisha kwa kiasi. Kikiurudisha pungufu, sauti husikika kama iliyofunikwa kwa blanketi. Kikizidisha, kila kitu hupiga kelele. Na ni mumo humo, kuanzia hezi 2,000 hadi 5,000, ambamo pumzi ya k' na t' huonekana zaidi, pamoja na mpaka kati ya /s/ na /sh/.

Neno letu

Hedifoni za mwenzangu zilikuwa zile zinazosifiwa kwa besi. Kiwambo chake kilikuwa kizito, na masafa ya juu ya hezi 2,000 yalikuwa yamefifia. Zangu zilikuwa kinyume, nyembamba na zenye ukali. Kwa hakika nilikuwa na sababu ya kujitilia shaka, kwa kuwa hedifoni yenye mlio katika masafa hayo inaweza kuupa mpasuko wowote mkia unaofanana na mpumuo. Ushindi wangu, kama ulikuwapo, haukuwa wa haki.

Tulifanya mambo mawili. Kwanza tulijirekodi wenyewe tukitamka jozi tulizozijua: paa na p'aa, tembo la mnazi na t'embo wa porini, kisha tukazisikiliza kwa kila hedifoni. Zangu zilizitofautisha, japo kwa chumvi. Za mwenzangu zilitofautisha t'embo pekee, tena kwa shida. Pili, tuliifungua faili ya mzee katika programu ya Praat, ambayo huchora sauti bila kupitia kiwambo chochote cha kusikilizia, na tukapima muda uliopita kati ya mpasuko na mwanzo wa irabu. Pumzi ilikuwapo, imekaa wazi kwenye picha kama ukungu mwembamba kabla ya irabu.

Neno hilo sasa limeandikwa k'aa katika nakala yetu. Tulirudi pia nyuma, tukayapima upya maneno 11 ambayo tulikuwa tumeafikiana kwa urahisi, na mawili kati yake tukayabadilisha. Juu ya kila ukurasa, chini ya jina la lahaja na tarehe ya kurekodi, tumeongeza mstari unaotaja hedifoni iliyotumika kusikilizia.